Kuhesabu Hadi Kumi

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

U hali gani? Mimi mzima, mguu tu ndio unaolalamika. Miezi miwili sasa tangu tumzike mama yako, na miwani yake bado iko juu ya redio. Sijui niiweke wapi.

Jana kinyozi kaniuliza, "Mzee, binti yako akija nyumbani anakubana na wewe kama anavyowabana wakubwa redioni?" Nikamwambia hayo kayatoa kwa mama yake. Unakumbuka kile kikombe kilichovunjika? Aliuliza mara moja tu, akanyamaza, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. Hukuwahi kumfikisha kumi.

Ule vizuri.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mguu umepata nafuu. Mimi nimerudi studioni. Kikombe nakikumbuka. Hata leo nikishamuuliza mgeni, nakunja vidole chini ya meza.

Baba, nimekutana na yule muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumhudumia Mama. Wewe uliniambia ilikuwa ghafla. Yeye anasema mlijua tangu alfajiri. Saa nne mimi niliingia hewani na waziri, na Mama alikuwa hai. Kwa nini hukuniita?

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha, nimezibua mfereji. Jirani kapaka geti rangi ya kijani, mbaya ajabu. Mama yako angecheka wiki nzima. Nyanya zake zimezaa.

Huyo muuguzi anaongea sana.

Baba yako

14 Aprili

Shikamoo Baba,

Swali langu ni lile lile.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako nimeipata: mstari mmoja, kisha karatasi nyeupe mpaka chini kabisa kwenye sahihi yako. Imekaa mezani siku kumi. Sasa najua wageni wako wanavyotokwa jasho.

Ni kweli, tulijua. Nilishika simu mara tatu. Mama yako akanikamata mkono: "Mwache, baba. Ukimwita leo, huyo waziri kapona." Nikamtii. Kisha nikaogopa kwamba hutanisamehe.

Alitaka redio iwe karibu na mto. Ulimuuliza waziri dawa za hospitali zilikwenda wapi, ukanyamaza. Mama yako naye akatoa mikono juu ya shuka, akaanza kukunja vidole pamoja nawe. Nikawa nahesabu.

Waziri alijibu kwenye cha tisa. Mama yako aliishia cha sita.

Baba yako