Léonie Alisema Kweli

Lubumbashi, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Baba yangu mupenzi,

Yambo sana. Muko namna gani kule Likasi? Magoti inaendelea namna gani? Sisi huku Kampemba tuko bazima, ni mvua tu njo inatusumbua. Juu masikio yenu haipendi tena telefone, ninaandika, na Franck, dereva wa Likasi, atabeba barua mu bus yake.

Niko na habari. Bamenichagua kuwa chef, mukubwa wa maternité, fasi bamama banazalia. Mbele ya kuanza, balitutuma sisi banganga bachache ba hôpital ku formation kule hôtel Karavia, ya kutufundisha kuongoza bantu. Baba, miaka yote ile ya masomo hakuna mwenye alitufundisha ile. Tulijua kupasua tumbo. Kuongea na muntu mwenye amechoka, hatukujua. Mwalimu alisema pahali yenye bantu banaogopa chef, bagonjwa banakufa, juu kila muntu anaficha makosa yake. Maneno ile iliniingia.

Siku ya kwanza nilikusanya ba sage-femme benye kuzalisha na ba infirmière bote, nikabaambia: “Mwenye atakosa na akasema, hataazibiwa. Ninaahidi miye mwenyewe.” Mama Léonie, mukubwa kati yao, mwenye amezalisha nusu ya bamama ba mutaa, njo aliuliza: “Ni kweli, docteur?” Nikamujibu ni kweli.

Mutuombee.

Mutoto yenu,
Julienne


Likasi, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Mutoto yangu Julienne,

Yambo. Barua ilifika, na mukate pia, asante. Magoti ni ya muzee, inafanya kazi yake ya kuuma. Mama yako anakusalimia. Analalamika kama haukuli muzuri.

Nilisoma barua kwa sauti, jirani Chama akasikia, sasa barabara yote inajua. Nimefurahi sana. Miye ku chemin de fer niliongoza bantu ba njia ya reli na makelele tu. Kama kulikuwa ajali, kila muntu alitafuta mwenzake wa kumusukumia kosa. Namna yako iko muzuri kupita yangu.

Lakini ninakuuliza kintu moja. Bale benye beko juu yako, nabo bameahidi?

Baba yako


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Baba yangu,

Yambo kwenu, na kwa Mama. Miye niko muzima mu mwili. Sikujibu ulizo yenu juu sikukuwa na jibu.

Kwanza kazi ilienda muzuri. Bantu balianza kusema. Nono, infirmière wetu kijana, alisema yeye mwenyewe kama alisahau kupatia mama moja sindano yake, tukarekebisha mbele mambo iharibike. Mu réunion ya asubui balikuwa bameanza hata kucheka.

Kisha mama moja alikufa. Jina yake Edith. Alizala muzuri, damu ikaanza kutoka. Ile usiku Mama Léonie alikuwa peke yake mu salle ya kuzalia na bamama mingi. Asubui alisimama mbele yetu sote, akasema: “Ni miye. Niliona damu, nikafikiri itasimama. Nilikuwa na mutoto wa mwengine mu mikono. Nilichelewa kuita munganga.” Angeweza kunyamaza, Baba. Hakuna mwenye angejua.

Nilienda kwa directeur wa hôpital nikamuelezea byote, na jina ya Léonie ndani, juu nilitaka atupatie sage-femme wa pili kwa kila zamu. Alinisikiliza muzuri. Aliniambia nimefanya kazi ya chef kabisa. Kisha famille ya Edith balikuya na hasira, directeur akabaambia hôpital imepata mwenye kosa.

Polisi balimutoa Mama Léonie mu salle na tablier yake ya kazi ku mwili. Alipita karibu na miye. Hakuniangalia.

Nifanye nini?

Mutoto yenu,
Julienne


Likasi, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mutoto yangu,

Yambo, na pole sana. Mama yako alilia, sasa anaomba Mungu kwa ajili ya Léonie na kwa famille ya ule marehemu.

Usiende kwa directeur peke yako. Muntu moja anakuwa rahisi kukatalia. Kusanya banganga benzako, zaidi bale mulifundishwa pamoja, muende bote mara moja, mumuambie salle yenye muntu moja anazalisha bamama mingi ni kosa ya nyumba muzima. Sisi ku chemin de fer tulifanya vile siku balitaka kumufukuza mwenzetu Mwila, na balimuacha.

Uniandikie mbio.

Baba yako


Likasi, tarehe 11 mwezi wa munane 2024

Julienne,

Yambo. Tuko bazima. Franck anasema anapita kwako, unamupatia dawa ya magoti yangu, lakini barua hakuna. Ukikosa maneno, andika jina yako tu, nitajua uko.

Baba yako


Lubumbashi, tarehe 27 mwezi wa kumi 2024

Baba yangu,

Yambo. Munisamehe kunyamaza. Ninatumaini dawa ilisaidia, na Mama analala muzuri.

Nilifuata shauri yenu. Nilienda kwa kila munganga, mumoja mumoja, na bote balinipokea na upole. Docteur Clément, mwenye tuliikala naye ku kiti moja kule Karavia, alisema ana batoto, hawezi. Bengine balisema tungojee kidogo. Mwisho tulipanga siku, na ile siku nilijikuta peke yangu ku mulango ya directeur. Nilimuambia kama ni kosa, basi atutoe sisi sote kwa polisi. Alinijibu, bila hasira: famille inataka muntu moja tu, na akitoa maternité yote, nani atazalisha bamama? Nilirudia mu salle.

Mama Léonie balimuachilia, lakini kazi hana tena. Nilienda kwake, mutaa ya Bel-Air. Alinipatia kiti, akauliza afya yenu. Nilipoanza kulomba musamaha, alinisimamisha. “Haukunidanganya, docteur. Uliahidi kintu yenye haikukuwa mu mikono yako.” Kisha akauliza kama sage-femme wa pili amefika. Hajafika, Baba.

Sasa asubui ninauliza usiku ilipita namna gani, banajibu iko muzuri. Nono anaangalia chini. Juma yenye imepita mama moja alikaribia kufa mu salle yangu, na nilijua ile tu juu dada yake alinifuata inje kuniuliza. Ku direction ya hôpital banafurahi. Banasema makosa imepunguka, na maternité yangu njo mufano. Bananilomba niende Karavia kufundisha banganga bengine namna ya kuongoza bantu. Sijakubali, sijakataa.

Niambieni neno moja.

Mutoto yenu,
Julienne


Likasi, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2024

Mutoto yangu,

Yambo. Mama yako iko muzima, na miye pia, kidogo.

Nimeanza hii barua mara mingi. Ninataka kukuambia uache ile kazi ukuye huku, kisha ninafikiri nani atabakia na bale bamama. Ninataka kukuambia ubakie, kisha ninaogopa siku yenye bataita jina yako. Kwenda Karavia, utasema nini kule yenye si uongo? Kukataa, bataweka mwengine chef mwenye haulizi kabisa. Nilifikiri shauri yangu ya zamani itakufaa. Bantu ba njia tulikuwa bengi na hatukukuwa na kintu ya kupoteza. Sikujua kama banganga banaweza kuogopa kupita sisi.

Mama yako anauliza nimeandika nini. Nimemuambia bado ninaandika. Franck amekwisha kuwasha bus, anapiga honi ku barabara. Nilitaka akuletee neno ya kukusaidia, na sina. Anakuletea muhogo na unga ya mahindi mupya.

Kula, mwanangu.

Baba yako