Mguu Uliojifunza kwa Bibi

Jumatatu, 4 Juni
Nimeamka, nimeuchomoa mguu wangu wa bandia kwenye chaji, nimeuvaa. Siku ya sita. Fundi Hamisi wa hospitali alisema una mota kwenye kifundo na unajifunza mwendo wa mwenye nao. Labda mimi sina mwendo. Kwenye tambarare unakwenda. Kwenye kilima cha shule hausukumi kabisa, naukokota kama gogo. Kidato cha Tatu B wamenipa jina: Roboti Mbovu. Huwa sijibu.

Jumanne, 5 Juni
Mguu ni wa majaribio, uko mmoja tu. Ijumaa nikishindwa kupanda kilima cha nyuma ya hospitali, atapewa mgonjwa mwingine. Nimesoma sura nzima ya mota za umeme. Haikusaidia. Tangu trekta la miwa linikate mguu kule Kidodi, nikienda kwetu Vidunda mjomba hunipandisha mlima mgongoni. Nina miaka kumi na sita. Naona aibu.

Jumatano, 6 Juni
Fundi ameuunganisha mguu na kompyuta. Akatazama, akacheka.
"Binti, huu ni mwendo wa mtu wa miaka sabini, ndiyo maana hausukumi kilimani. Umeutoa wapi?"
Nikajua papo hapo. Siku mbili za kuufundisha, Bibi alitangulia kwenye korido, mimi nyuma. Kumpita? Siwezi. Kila aliyekutana naye alimwamkia, naye akasimama kuitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani. Nami nikasimama. Mguu umejifunza kwa Bibi!
Nilipomweleza, Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Basi mguu huo una adabu kuliko wajukuu zangu wote."
Fundi amefuta kila kitu. Kesho tunaanza upya. Zimebaki siku mbili.

Alhamisi, 7 Juni
Bibi akatangulia tena. Mazoea. Nikavumilia hadi katikati ya korido.
"Bibi, samahani, naomba nipite."
"Pita, mjukuu wangu, kwani nimekushika?"
Nikapita. Moyo ulinidunda kama nimeiba. Halafu hatua ndefu. Halafu nyingine. Nimetembea mchana kutwa kama ninavyotaka mimi. Kumbe nina haraka kiasi hiki.

Ijumaa, 8 Juni
NIMEPANDA! Mguu ulinisukuma kila hatua, kilima chote. Fundi alibaki nyuma anahema, fomu mkononi. Ameisaini. Ni wangu.
Jioni, kilima cha shule. Mmoja wa Tatu B akaita, "Roboti!" Nikamwambia, "Nifuate basi." Hakuniweza.

Jumamosi, 9 Juni
Vidunda. Kutoka Kidodi nimepanda mwenyewe, Bibi akija nyuma polepole. Nimepumzika mara tisa. Mjomba alishuka kuja kunibeba, nikampa mkoba wa vitabu abebe huo.
Nimefika wa kwanza. Nimewasha moto, nimebandika maji ya chai. Kisha chaji ikaisha. Huku hakuna umeme, lakini betri ya akiba ipo ya kushukia kesho. Nimeuvua mguu, nimeuegemeza ukutani, nimekaa mlangoni.
Nasikia fimbo ya Bibi ikigonga mawe huko chini. Inasimama. Anasalimiana na mtu. Inaendelea.
Maji yamechemka. Namsubiri.