Ng'ombe Alipokauka

Mjukuu wangu Jerop,

Hapa Yamumbi tuko salama. Mahindi yameota vizuri, na goti langu linasumbua lakini mdomo uko sawa. Mimi nasema, baba yako mdogo Kiptoo anaandika.

Umeniuliza ufanye nini ili wenye hoteli wafungue zile email unawatumia kila wiki, kabla bosi hajakuachisha kazi. Ile ulinisomea kwa simu ilikuwa nunua friji, nunua friji. Hata mimi ningeifuta, na ninakupenda.

Nikiwa msichana nilikuwa nauzia hoteli za mjini Eldoret maziwa. Mama Naliaka, mwenye hoteli moja, alikuwa ananiacha nje nibishe mpaka mkono uchoke. Halafu ng'ombe wetu akakauka maziwa. Nikaenda kwake mikono mitupu.

"Sasa leo umeniletea nini? Baridi?"

"Nimekuja kukwambia usiningoje. Jirani yetu ana maziwa, tuma mtu kwake."

Aliniangalia, akacheka, akanipa chai ya rangi. Ng'ombe alipozaa nikarudi. Alisikia tu sauti yangu, akafungua mlango hata sijabisha.

Kwa hivyo wiki hii usiuze kitu. Waambie wafanye nini stima ikipotea, ndio maziwa yao yasiharibike. Waandikie vile unaniandikia mimi. Wewe si mjinga, una haraka tu. Bosi akinuna, mwambie ni mimi nimesema.

Na hiyo email unitumie pia. Kiptoo ataifungua kabla hajanywa chai, nitahakikisha.

Nyanya yako, Kogo