Kicheko cha Mama Katika Riwaya Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo huko mbali? Shemeji hajambo, na watoto? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Mimi nipo, ingawa siku hizi hata kuwepo kunahitaji mto wa kuegemea. Daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi. Huniambia tu nipumzike, nami si mtoto, nimemwelewa. Usihangaike kufunga safari. Mama mdogo yuko nami, ananilisha na kunigombeza kwa kipimo kilekile.

Nianze na uongo wangu. Uliponipigia simu kuuliza kama mswada wa riwaya yako umefika, nilisema bado. Ulikuwa umefika. Ulikuwa chini ya godoro, nimeulalia kama kuku aatamiaye. Ukauliza tena, nikailaumu posta. Najua mchapishaji anakusubiri, nawe umemwambia hukitoi kitabu mpaka dada mkubwa aridhie, kwa kuwa familia iliyomo ni yetu. Ulinipa heshima hiyo, nami nikaikalia.

Niliusoma nikiwa na kalamu nyekundu. Nimefundisha lugha maisha yangu yote. Ningekosaje kuona makosa kwako, wewe ambaye insha zako nilizisahihisha kwenye meza ya jikoni? Nikaambulia koma chache. Iliniuma, Chiriku. Mimi ndiye niliyetarajiwa kuandika kitabu. Kila mtu alisema hivyo, hata wewe. Droo yangu imejaa sura za kwanza.

Jiji la riwaya yako, lililokauka, nililiona kwa macho. Jua limefunga viwanda, watu wanashinda mchana wamejichimbia vyumba vya chini, mabomba yanapiga mluzi wa hewa tupu. Mama na binti zake wawili wamebaki ghorofa ya tatu na tangi moja juu ya paa. Binti mkubwa ndiye mwenye ufunguo wa tangi, uso kama mlango wa stoo. Nilijijua papo hapo, wala sikukasirika, umenipatia hasa. Hata kanuni ya Mama umeiweka: maji yafanye kazi tatu kabla ya kumwagwa, yaogeshe mtu, yafue, kisha yapige deki.

Kilichonichoma ni ule ukurasa ambapo mama huyohuyo, ndoo ikiwa imebaki nusu, anachota maji kiganjani na kumrushia binti mdogo usoni, na wote wawili wanacheka mpaka wanaketi sakafuni. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hawezi! Mama hakupoteza hata tone." Nikamsomea Mama mdogo ili aniunge mkono.

"Mbona alikuwa akifanya?" akasema. "Kila jua likizidi. Huyo Chiriku akipiga kelele, nasikia mpaka kwangu."

"Basi mbona mimi sikuona?"

"Utaona wapi, mwanangu, nawe uko shule ya bweni? Ukirudi likizo, dada yangu anajinyoosha kama anangoja mkaguzi. Alikuwa anakuogopa, msomi wake!"

Akacheka, akaondoka na sahani. Mimi nikageukia ukutani.

Siku zote nilijigamba moyoni kwamba Mama ni wangu. Nani alimwogesha? Nani alimgeuza kitandani mpaka mwisho, wewe ukiwa ng'ambo? Kumbe mimi alinipa kanuni, wewe alikupa maji. Nimekuonea wivu kwa kitabu, lakini kitabu ningekimeza. Kicheko kile ndicho kilichonikwama kooni.

Hata baada ya hapo niliandika barua ya kukukatalia, nimejificha nyuma ya heshima ya marehemu. Ilikuwa barua nzuri, lazima niseme. Nimeichana asubuhi ya leo.

Kitoe, mdogo wangu. Nimeridhia, na Mama mdogo ni shahidi. Binti mkubwa usimlainishe, mwachie ufunguo wake. Ila nina ombi moja, na usimwambie mtu kwamba mwalimu mzima aliomba hivi. Siku ile ya kiganja cha maji, msimamishe binti mkubwa mlangoni. Asiseme neno, wala wasimwone. Awasikie tu wakicheka. Najua sikuwepo. Lakini riwaya ni yako, na mlango ni wako kuufungua.

Wasalimie shemeji na wanangu wawili, muuguzi na yule mpiga soga. Waambie mama yao mkubwa anawaombea. Mama mdogo anakusalimu na kulalamika kwamba kitabuni umemnenepesha. Mungu akupe mvua hapo ulipo, na mkono usiochoka.

Ukishauandika ukurasa huo, nisomee kwa simu. Macho yamechoka, masikio bado.

Dada yako akupendaye, wivu na yote,

Mwalimu