Hildegarda, Mpima Meli wa Kilosa

Mwaka umetimia, Hildegarda, tangu figo zilipokushinda tukakuzika Kilosa, jirani na bibi yako. Naandika mimi baba yako kwa niaba ya wote, maana wamesema mimi ndiye mwenye maneno mengi.

Hapa Mikumi bado wananiuliza binti yangu alifanya kazi gani. Nawajibu: chuo kikuu kina bwawa refu, jembamba, ndani ya jengo. Mwisho mmoja kuna mashine ya kupiga mawimbi, na juu ya maji kigari kinapita kwenye reli mbili kikivuta kimeli cha mbao. Meli kabla haijaundwa, mfano wake unateswa hapo kwanza. Mtesaji alikuwa Hildegarda. Wanacheka. Sisi maji tunayajua ya mafuriko, yakija na matope na mabati ya watu.

Ulikuwa mpole, ila si kazini. Chai hukutia sukari. Kila Jumapili ulimpigia simu mama yako hata kama hapakuwa na habari. Mimi ulinipigia kwa kubahatisha, maana hukujua niko wapi wala natumia simu ya nani.

Siku niliyokuja kukuona kazini nilishuka kwenye lori la vitunguu, vumbi hadi kwenye nyusi. Uliniamkia, ukaniambia nikae kando umalize. Nikaona maji safi, nikachuchumaa, nikanawa uso.

"Baba! Toa mikono!"

"Natoa vumbi tu."

"Basi tunasubiri upya. Dakika ishirini, maji yatulie."

Bwana Rafaeli, aliyeleta mfano wa kivuko chake cha abiria wa ziwani, akaguna. "Dada, mawimbi si unayatengeneza mwenyewe? Haya madogo ya mzee yana shida gani?"

"Haya ya mzee sijayapima."

Nikasema nimekata mkonge, nimekuwa utingo, sijapata kuona mtu analipwa kwa kutazama maji yakitulia. Ukanijibu bila kugeuka, "Na wewe baba, ulikaa wapi ukatulia?" Hata Rafaeli alicheka.

Maji yalipotulia ulikigeuza kimeli ubavu uelekee mashine, ukaachia mawimbi. Kikalala, hakikuinuka. Rafaeli akasema ni yale maji ya mzee. Hukubishana. Ulisubiri, ukarudia, kikalala. Ukasubiri tena, ukarudia mara ya tatu. Kikalala.

Mkuu wako akaitwa. Akasema safari za kivuko zimeshatangazwa, andika tu kwamba kinahitaji uangalifu.

"Andika wewe, mkuu, na uweke sahihi yako."

Hakuandika. Uliandika wewe: kikipigwa ubavu kitapinduka na watu. Wiki hiyohiyo ukaondolewa bwawani, ukapelekwa stoo kugawa chaki na mifagio. Ulikaa huko mpaka ugonjwa ulipokulaza. Hukutuambia. Tulisikia kwa mumeo Deogratias, siku tunakuzika.

Ripoti yako ilibaki na sahihi yako, na hakuna aliyethubutu kuipita. Rafaeli aliondoa ghorofa ya juu iliyokuwa ikikilemea kivuko. Mfano mpya ulipimwa na mwenzako, ukalala, ukainuka.

Mwezi uliopita nilikwenda ziwani nikakipanda kivuko chenyewe. Tulipofika katikati upepo ulibadilika, mawimbi yakakipiga ubavu. Mama mmoja alitapika kwenye kanga yake, kuku wa watu wakaserereka hadi upande wa pili. Kikainuka. Bandarini abiria walishuka wakinung'unika: chombo gani hiki hakina hata ghorofa ya kupunga upepo, aliyekibuni hajui raha. Nilisimama pembeni nikiwatazama wakipita mmoja mmoja. Walishuka wote.

Unakumbukwa na mama yako Magdalena, mumeo Deogratias, mwanao Yared, dada yako Devota wa Zombo, ndugu na majirani wa Kilosa, na mimi baba yako, Ditram.

Hatutakusahau, Hildegarda, siku zote tulizobakiza.