Nani Alimshika Mama Mguu

Coon Rapids, Minnesota,
Alhamisi, 27 Februari 2025.

Mpendwa Mama mdogo,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi inayouma masikio. Hujambo? Magoti yako je, bado yanakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Na Natasha, ameshapatana na yule ng'ombe wake mkaidi? Sisi tu wazima. Mama yuko kwa Alvin kule Eden Prairie, anakula vizuri na mguu unapona. Ni huo mguu ulionishikisha kalamu.

Najua utashangaa, nani huandika barua siku hizi? Lakini ujumbe wa simu yako Natasha huusoma kwa sauti mbele ya kila mgeni, na mengine humfikia Nkatha kabla sijaweka simu chini. Kwa hiyo barua hii anakuletea Jotham wa kanisani kwetu, anayekuja nyumbani wiki ijayo. Isome peke yako.

Nimesikia umewatangazia akina mama wa kanisa kwamba Nkatha, mke wa ndugu yangu Alvin, ndiye aliyeuokoa mguu wa dada yako. Haya. Sasa sikia na upande wangu.

Kosa la kwanza ni langu, nakubali. Niliacha wazi mlango wa ile mashine ya kuoshea vyombo, ule unaofungukia chini. Mama akapita na sufuria ya chai akajigonga muundi. Unajua ngozi ya mzee, ni kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Ilichanika ikafunuka, mahali pa upana wa kiganja cha mtoto.

Sikuogopa. Miaka minane niko kwenye nyumba ya wazee, nitashindwa na kidonda cha mama yangu? Ila ukweli, Mama mdogo, kazi yangu kule ni kuogesha, kugeuza na kulisha. Nesi akifunga kidonda, mimi ndiye ninayeshika mguu. Namtazama mzee usoni, akikunja uso namwambia nesi, pole pole. Kile ambacho nesi anakiweka pale chini sijawahi kukitazama sawasawa. Basi nikachukua kitambaa kikavu cha bandeji, nikakilaza moja kwa moja juu ya kidonda, nikakaza.

Kesho yake nikavuta. Jameni! Kilikuwa kimegandana na kidonda, upande mmoja ukaja na ngozi changa, uliobaki ukashika pale pale. Mama alipiga yowe mpaka jirani Mzungu akagonga mlango.

Nkatha alifika alasiri ile ile na lile gari lake refu. Yeye ni nesi wa kliniki ya vidonda, unajua hilo, maana hakuna asiyejua. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Aliroweka kitambaa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa mpaka kikajiachia chenyewe, akairudisha ngozi mahali pake taratibu, akaweka bandeji laini inayoteleza, zile zisizoganda. "Wifi, kidonda kama hiki hakitaki kitu kikavu," akasema kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza mtoto. Mama akasema hakusikia uchungu hata kidogo, hiyo ni mikono ya malaika. Mikono ya malaika! Na yangu ni ya nani?

Tangu siku hiyo, chai ni Nkatha, chakula ni Nkatha, sala ni Nkatha. Nilingoja asifiwe mpaka atie tembo maji kama yule mgema. Ng'o! Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi mbona sikondi? Nimeongeza kilo tatu.

Basi siku moja saa ya chakula cha mchana nikatoroka kwenda duka la dawa. Rafu nzima ni bandeji tu. Zenye gundi pembeni nikaziacha, maana gundi ingemchuna ngozi upya. Nyembamba sana nikaziacha, kidonda cha mama kilikuwa bado kinatoa maji. Nikachukua zisizoganda zenye unene kidogo, zinazokipita kidonda upana wa kidole kila upande, na bandeji ndefu ya kuzungushia juu yake, kwa kuwa zenyewe hazishiki popote. Nyumbani nikajifungia bafuni, nikajipaka uji muundini kama ndio kidonda, nikaweka bandeji juu, nikaacha ukauke, nikafanya majaribio ya kuibandua. Mwanangu Griffins akafungua mlango akanikuta hivyo. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama niko sawa. Nikamwambia funga mlango.

Jumamosi moja theluji ikaanguka, barabara zote zikazibwa, malaika akashindwa kuja. Bandeji ilikuwa imelowa, lazima ibadilishwe. Mama akasema, "Tumngoje Nkatha." Mama mdogo, maneno hayo mawili yaliniingia hapa kifuani. Nikamwambia, mama, nipe mguu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma, kisha akaunyoosha, kiti amekishika kwa mikono yote miwili.

Nikanawa mikono. Nikalowesha, nikangoja, nikainua ukingo mmoja tu. Kisha bila kufikiri nikafanya kile nilichokizoea kazini: nikamtazama usoni. Paji likikunjana, nasimama, naongeza maji. Likilainika, naendelea. Bandeji ikatoka safi, hata tone la damu hapana. Nikaweka mpya, nikazungushia ile ndefu juu yake, bila kubana. Mama akashusha pumzi, akautazama mguu, akatabasamu.

"Nkatha amekufundisha vizuri," akasema.

Haki ya Mungu! Niliufunga ule mlango wa mashine vyombo vikalia vyote.

Jumapili theluji ilipozolewa, Alvin akaja kumchukua. Nkatha alikuwa ameshauri akae kwao mpaka mguu upone, na mama alishafungasha begi tangu Alhamisi, ila mimi nilidhani baada ya Jumamosi atalifungua. Hakulifungua. Gari lilipoondoka niliingia bafuni nikalia, mwanamke mzima. Mama yangu amechukuliwa na bandeji.

Lakini Jumanne akanipigia simu, anaongea kwa kunong'ona. "Kerubo, Nkatha anafunga vizuri. Lakini anatazama mguu tu. Wewe ulikuwa unanitazama mimi."

Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikakaa sakafuni.

Sasa kila wanapobadilisha, nikitoka kazini naendesha gari mpaka Eden Prairie. Nkatha anafunga, mimi nashika mguu. Juzi akaniuliza, "Wifi, unajuaje ameumia kabla hajasema?" Nikamjibu mazoea tu. Sikumwambia. Acha na yeye akose kitu kimoja duniani.

Jotham atakupa paketi mbili za hizo bandeji zisizoganda. Ni za kutumia, si za kuwekwa kabatini na vikombe vya wageni. Ikitokea imeshika, msivute, lowesheni mngoje. Kidonda kikinuka au kikivimba, Natasha asijifanye daktari, aende zahanati.

Nisalimie Natasha, mama Reine wa kwaya, na mjomba Sosthène ukimwona sokoni. Bwana ayape magoti yako nguvu na akuweke mpaka tuonane.

Na sasa ombi langu. Ukimpigia dada yako, muulize, ni nani anayekushika mguu? Usimwambie nimekutuma. Ngoja tu akutajie jina mwenyewe. Akilitaja langu, Mama mdogo, simama mbele ya akina mama wale wale, Jumapili inayofuata, ulitangaze kwa sauti ile ile uliyomtangazia Nkatha.

Ni mimi mwanao akupendaye, mwenye wivu na asiyekana,
Kerubo.