Maganda ya Mayai ya Dada Sesilia

Dada Sesilia,

Huko uliko siwezi kukuuliza hali, kwa hiyo naanza na lililonileta. Nakuonea wivu. Huu mwaka wa tatu uko kaburini, na mimi mdogo wako, niliyekuogesha mara ya mwisho, bado nakuonea wivu.

Wanao hawajambo. Shemeji yuko na malori yake, hupita hapa Nangurukuru akipata mzigo wa kusini. Neema ana miaka kumi, Tekla mitano. Nawapikia, nawasuka, nawakimbiza zahanati homa ikipanda. Mwaka mzima ni wangu. Desemba ikiingia wanakuwa wako.

Safari hii nilijiandaa. Nilikwenda hadi Lindi, nikanunua mapambo ya dukani, mipira inayong'aa na utepe wa rangi ya fedha. Nilirudi kama mtu aliyeshinda. Neema aliyatazama, akasema ahsante mamdogo, kwa adabu ile uliyomlea nayo, kisha akauliza lini tunaanza kupaka maganda.

Maganda yako ya mayai, dada, uliyokuwa ukipambia Krismasi. Kumbe Bi Zuhura, jirani yetu anayekaanga chipsi mayai, alikuwa akiwawekea siku nyingi. Akaniambia marehemu ndiye aliyemfundisha kugonga yai kwa juu tu, ili ganda libaki kama kikombe. Yeye Mwislamu, Krismasi si yake, lakini hata yeye bado anafuata maneno yako. Nilitabasamu. Moyoni nilikuwa naungua.

Tukakaa mkekani. Neema akakoroga rangi za ukili wa mikeka, nyekundu na kijani, na binzari kwa ajili ya manjano. Mimi nikashika sindano nitoboe matundu ya kupitisha uzi. Nikavunja ganda la kwanza. La pili. La tatu.

"Mama hakuwa anashika hivyo," Neema akasema.

Hakuwa na ubaya wowote. Lakini nikamjibu, "Mama yako amekufa. Aliyebaki ni mimi."

Nisamehe. Mtoto aliweka chini unyoya wa kuku aliokuwa akipakia rangi, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Tekla akawa anaokota vipande nilivyovunja.

Nilimfuata. Nilimwomba radhi, mimi mtu mzima, nikamwambia ukweli kwamba nilitaka japo kitu kimoja wakipende kwa sababu yangu. Kisha akaniambia kwamba hata wewe ulivunja mengi mwanzoni, mpaka mkala mayai siku nne mfululizo. Hukuwahi kuniambia hilo, dada. Miaka yote nilidhani mikono yako haikosei. Nilicheka, halafu nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki.

Tulisimamisha tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga. Maganda yako yakaning'inia pamoja na mipira yangu. Siwezi kukudanganya, yako yalipendeza zaidi.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, tulikuja kwako. Tekla alichagua ganda jekundu akalifunga kwenye msalaba. Neema akawa upande wa pili anang'oa majani. Hapo Tekla akanivuta kanga, akaniuliza sauti ya mama ilikuwaje. Yeye hakumbuki. Alikuwa na miaka miwili.

Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nakuungamia. Nilifurahi kwamba yupo mmoja ambaye hukuondoka na moyo wake. Kisha nikamtazama usoni, anangoja jibu, na furaha ile ikanichachia mdomoni. Nikamwambia ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza kidogo. Ilifanana na yangu.

"Basi endelea kuongea, mamdogo," akasema.

Nikaongea njia nzima mpaka nyumbani, habari zako tu. Ulivyoogopa vyura. Tulivyoiba korosho za babu, ukasema ni wewe peke yako, tukachapwa wote. Kila neno lilinichoma, na sikunyamaza.

Wivu haujaisha. Pengine hautaisha. Lakini nakuahidi hili: kila atakachoniuliza Tekla juu yako nitamjibu, na sitapunguza uzuri wako hata kidogo, hata siku ambazo nitatamani kupunguza.

Pumzika, dada. Naenda, wananiita.

Mdogo wako,
Anjela